Michango ya Matibabu: Mambo Matatu ya Kuuliza Kabla ya Kukata Fedha ya Kahawa

Mkulima wa Kibosho hutangaziwa malipo ya awali ya kahawa yake kabla hajaiweka kwenye mzani wa chama. Bei ya ugonjwa hatangaziwi. Huijua siku ile anapokabidhiwa ankara dirishani, na siku hiyo mara nyingi si ya msimu. Kahawa ya mlimani huvunwa kuanzia katikati ya mwaka hadi karibu na mwisho wake. Fedha yake huingia miezi hiyo na kutoka miezi hiyo hiyo kwa ada za shule, madeni ya pembejeo na matengenezo ya nyumba. Masika inapofika, na kichomi kikawashika watoto na wazee, mfuko wa nyumba huwa mtupu. Ndipo huuzwa ng'ombe wa maziwa, hukopwa kwa jirani, au hupelekwa ujumbe kwa watoto walioko Dar es Salaam na Arusha.

Kwa sababu hiyo wazo la kukata sehemu ndogo ya fedha ya kahawa wakati wa mavuno na kuiweka kwa ajili ya matibabu ya mwaka mzima huwavutia wanachama wengi. Ni wazo jema. Lakini mipango ya namna hii imekwisha kujaribiwa mara nyingi, hapa kwetu na nchi za nje, na wachunguzi wameifuatilia kwa makini. Baadhi imedumu na baadhi imekufa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini, ili halmashauri za vyama vya msingi na mikutano mikuu iweze kuamua kwa kujua.

TULIKOTOKA

Baada ya uhuru, matibabu katika hospitali za serikali yalitolewa bila malipo kwa miaka mingi. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Ilionekana mapema kwamba malipo ya papo kwa papo huwapa shida wakulima, ambao fedha yao huja mara moja au mbili kwa mwaka. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanzishwa kwa majaribio wilayani Igunga, mkoa wa Tabora. Kaya ililipa mchango mmoja kwa mwaka, nayo serikali iliongeza kiasi kile kile kilichochangwa. Utaratibu huo uliitwa tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilitungwa mwaka 2001. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekewa sheria mwaka 1999, ulianza kazi kwa kuwahudumia watumishi wa serikali.

Hapa Kilimanjaro ushirika wenyewe ulishika jambo hili mwaka 2011. Chama Kikuu cha KNCU kiliwafungulia wakulima wa vyama vyake vya msingi mpango wa afya, kwa kushirikiana na shirika la PharmAccess la Uholanzi na kampuni ya MicroEnsure. Mwanachama alilipa sehemu ya mchango, na sehemu nyingine ililipwa na mfuko wa Uholanzi. Vituo vya matibabu vilivyoingia katika mpango vilisaidiwa kupandisha ubora wa kazi zao. Katika miaka iliyofuata PharmAccess na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya waliendeleza mafunzo ya mpango huo katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mkoani Kilimanjaro.

Baadaye Mfuko wa Taifa ulianzisha mpango wa Ushirika Afya, mahsusi kwa wakulima walio katika vyama vya mazao kama kahawa, pamba, korosho, chai na tumbaku. Mchango uliowekwa ulikuwa shilingi 76,800 kwa mtu mzima na shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Kuanzia mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa nao ulienezwa nchini kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya isiyozidi watu sita. Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayokusudia kila mkazi awe na bima.

Msomaji ataona kwamba michango hiyo inatofautiana sana. Kaya ya watu wazima wawili na watoto wanne katika Ushirika Afya ingelipa shilingi 355,200. Katika Mfuko wa Afya ya Jamii ingelipa 30,000. Wengi wetu tungekimbilia kusema kwamba wa pili ni bora kwa kuwa ni rahisi. Hapo ndipo kosa linapoanza. Mchango ni bei ya kuingia tu. Thamani ya mpango hujulikana kwa mambo matatu: nani wameingia, hospitali inalipwaje, na nani anakagua ubora.

JAMBO LA KWANZA: NANI WAMEINGIA

Tuchukue mfano wa chama chenye kaya 400. Tuseme kaya 40 zina mgonjwa wa kudumu, kama wa shinikizo la damu au kisukari, na matibabu ya kila moja yanagharimu shilingi 150,000 kwa mwaka. Kaya 360 zilizobaki hugharimu shilingi 10,000 kila moja. Wote wakiingia kwa mchango wa shilingi 30,000, mfuko utapata shilingi milioni 12 na kutumia milioni 9 na laki 6. Zitabaki milioni 2 na laki 4 za uendeshaji na akiba.

Sasa tuseme kila mtu ameachiwa hiari yake. Kaya 40 zenye wagonjwa zitaingia zote, kwa sababu zinajua zitafaidika. Katika zile 360 zenye afya, tuseme ziingie 60. Mfuko utapata milioni 3 na kutumia milioni 6 na laki 6. Ili kuziba pengo, mchango utabidi upandishwe hadi shilingi 66,000. Ukipandishwa, wenye afya watajitoa. Watabaki wagonjwa 40, ambao kila mmoja atatakiwa kulipa shilingi 150,000, yaani gharama yake yote. Mfuko umekufa, ingawa hakuna aliyeiba hata senti moja.

Huu ni mfano wa hesabu, lakini mambo yenyewe yametokea. Mfuko wa Taifa uliwahi kutoa kadi ya watoto, Toto Afya Kadi, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi walimwandikisha mtoto baada ya kuugua. Mwezi Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na wazazi wakaelekezwa kuwaandikisha kwa makundi kupitia shule. Mfuko wa Afya ya Jamii nao, kwa kuwa ulikuwa wa hiari, ulibaki na kaya chache katika wilaya nyingi kwa miaka mingi.

Mipango iliyodumu ilikwepa mtego huu kwa kuandikisha kundi zima. Huko Bwamanda, kaskazini-magharibi mwa Kongo, hospitali ilianzisha mpango mwaka 1986. Familia iliandikishwa yote au isiandikishwe kabisa, tena michango ilikusanywa wakati wakulima walipokuwa wakiuza mazao, kahawa ikiwamo. Huko Kisiizi, kusini-magharibi mwa Uganda, hospitali ilianza mpango wake mwaka 1996 kwa kutumia vyama vya engozi, ambavyo wanakijiji waliviunda tangu zamani ili kusaidiana kubeba wagonjwa kwa machela milimani na kuzikana. Hawakuunda kundi jipya kwa ajili ya bima. Walitumia kundi lililokuwa limekwisha kuaminiana.

Chama cha msingi cha kahawa ni kundi la namna hiyo. Kina daftari la wanachama, kina mkutano mkuu, kina mahali pa kupitishia fedha, na kila mwanachama anamjua mwenzake na kihamba chake. Kwa Kibosho jambo hili lina uzito wa pekee. Vijana wetu wengi wako mijini, na majina mengi katika madaftari ya vyama ni ya wazee, wanaolea wajukuu. Mfuko wa wazee peke yao utakuwa na wagonjwa wengi kuliko mfuko wa rika zote. Kwa hiyo halmashauri isihesabu wenye hisa tu. Ihesabu kaya nzima: mke, watoto, wajukuu wanaoishi humo, na pia vijana wa mijini ambao wangependa kuwalipia wazazi wao.

JAMBO LA PILI: HOSPITALI INALIPWAJE

Hospitali yaweza kulipwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kulipwa kwa kila huduma: kila kipimo, kila dawa, kila siku ya kulazwa huandikwa na kulipwa. Njia hii humpa daktari sababu ya kufanya mengi, pengine zaidi ya yanayohitajika. Ya pili ni kulipwa kwa kichwa: kituo hupewa kiasi kilichopangwa kwa kila mtu aliyeandikishwa kwake, awe mgonjwa au mzima. Njia hii hukipa kituo sababu ya kuzuia magonjwa na kubana matumizi, lakini pia yaweza kukishawishi kumnyima mgonjwa anachostahili. Hakuna njia isiyo na hatari yake.

Uchunguzi mashuhuri kuliko yote juu ya jambo hili ulifanywa Marekani na taasisi ya RAND kati ya mwaka 1974 na 1982. Maelfu ya watu waligawanywa kwa kura katika mipango mbalimbali ya matibabu. Wengine walitibiwa bure, wengine walilipa sehemu ya gharama. Katika mji wa Seattle baadhi walipangiwa kutibiwa na chama cha ushirika kilichoitwa Group Health Cooperative, kilichokuwa kimeanza kazi mwaka 1947 kwa juhudi za wakulima, wafanyakazi na wanaushirika. Wanachama walilipa mchango kabla, na madaktari wa chama walipokea mshahara, si malipo ya kila mgonjwa.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1984 yalionyesha kwamba waliotibiwa na ushirika huo walilazwa hospitalini pungufu kwa kiasi cha asilimia 40, wakilinganishwa na waliotibiwa bure na madaktari wanaolipwa kwa kila huduma. Gharama yao ilikuwa pungufu kwa karibu robo. Walimwona daktari mara zile zile. Tofauti ilikuwa katika kulazwa. Wanaushirika wana haki ya kuifurahia habari hii.

Lakini wasiishie hapo. Mwaka 1986 yalitangazwa matokeo ya afya zenyewe. Kwa watu wa kawaida hali ilikuwa njema. Kwa wale waliokuwa maskini na tena wagonjwa tangu mwanzo, afya zao zilikuwa duni kuliko za wenzao waliotibiwa bure kwa madaktari wa nje. Aidha uchunguzi ule ulionyesha kwamba watu wanaotozwa sehemu ya gharama huacha matibabu yasiyo ya lazima, lakini huacha pia yaliyo ya lazima. Na kwamba maskini wenye shinikizo la damu walidhibitiwa vizuri zaidi walipotibiwa bure.

Fundisho kwetu ni hili. Mpango waweza kuokoa fedha ukitazamwa kwa jumla, huku ukimwumiza mtu mmoja: bibi wa Umbwe au Kirima mwenye shinikizo la damu, asiye na nauli, asiyejua kudai haki yake dirishani. Mkutano mkuu ukisomewa kwamba mfuko umebakiza fedha, usipige makofi kabla ya kuuliza zimebaki kwa kumnyima nani.

Bei ya malipo nayo ni sharti iwe ya haki kwa hospitali. Mwezi Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia bei mpya za huduma, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake kwa madai kwamba bei hizo hazitoshi. Kadi ni mali pale tu inapopokewa.

JAMBO LA TATU: NANI ANAKAGUA UBORA

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Michigan, alifundisha kwamba ubora wa matibabu hutazamwa kwa pande tatu. Upande wa kwanza ni vitu na watu: majengo, dawa, vipimo, waganga. Wa pili ni utendaji: je, mgonjwa alipimwa ipasavyo, alielezwa, alipewa dawa sahihi? Wa tatu ni matokeo: je, alipona? Wananchi wengi hutazama upande wa kwanza tu, wakavutiwa na jengo lililopakwa rangi. Lakini jengo zuri lisilo na dawa halimtibu mtu. Na dawa nyingi zisizo na kipimo zaweza kumdhuru.

Hapa nchini serikali ilianza mwaka 2015 kuvipima vituo vya msingi na kuvipa nyota, kutoka sifuri hadi tano. Katika mzunguko wa kwanza vituo vilivyofikia nyota tatu vilikuwa vichache sana. Katika mzunguko wa pili, 2017/18, viliongezeka. Maana yake ni kwamba ubora hupimika, na ukipimwa hupanda.

Katika historia ya Mfuko wa Afya ya Jamii, sababu moja ya kaya kutolipa mchango wa mwaka wa pili imeonekana wilaya baada ya wilaya: mwanachama alifika na kadi yake, akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Aliona amelipa mara mbili. Mtu wa namna hiyo hahitaji mkutano wa hamasa, anahitaji dawa.

Chama cha msingi hakina daktari, lakini kina macho. Karani wa chama aweza kuweka daftari moja lenye mambo manne: tarehe mwanachama alipokwenda kutibiwa, kituo alichokwenda, kama alipata dawa alizoandikiwa, na kama alitozwa fedha yoyote. Jina la ugonjwa lisiandikwe, kwa maana hiyo ni siri ya mgonjwa. Baada ya miezi sita daftari hilo litakuwa na nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima, na kamati ya afya ya kituo haitaweza kulipuuza.

NGAZI ZA MATIBABU

Kibosho imebahatika kuliko sehemu nyingi. Hospitali ya Kibosho, ya Jimbo Katoliki la Moshi, iko katikati ya wakulima. Mjini Moshi iko hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Bahati hii ina hatari yake: mwenye mafua hutamani kwenda moja kwa moja KCMC, na gharama ya mafua huko haifanani na ya zahanati. Mpango wowote utadai mgonjwa aanze chini na kupanda kwa barua ya rufaa, isipokuwa kwa dharura. Utaratibu huo si dharau kwa mwanachama. Ndio unaowezesha mchango mdogo kutosha. Lakini una masharti mawili: zahanati iwe na dawa na mganga, na barua ya rufaa itolewe bila kuzungushwa.

Wachunguzi wa Bwamanda waliona pia kwamba waliojiunga walilazwa hospitalini karibu mara mbili ya wasiojiunga, na kwamba walioishi karibu na hospitali waliitumia zaidi kuliko walioishi mbali. Wa mbali alilipa mchango sawa na wa karibu, lakini akapata pungufu. Wanachama wa vijiji vya juu, ambako barabara huharibika wakati wa masika, wanapaswa kulitaja jambo hili mapema: usafiri wa mgonjwa wa dharura umo katika mpango au haumo?

YANAYOPASWA KUFANYWA

Kabla chama hakijapitisha azimio la kukata fedha ya kahawa kwa ajili ya mpango wowote wa matibabu, yafaa mkutano mkuu uletewe majibu ya maswali haya, yakiwa yameandikwa:

1. Je, kaya zote za wanachama zinaingia, au wanaotaka tu? Kama ni wanaotaka tu, ni kaya ngapi za chini kabisa zinazohitajika ili mpango uanze?

2. Je, mke, watoto na wajukuu wanaoishi katika kaya wameandikwa kwa majina yao?

3. Ni vituo vipi vinavyopokea kadi, na ni matibabu gani hayamo?

4. Kama mtu wa nje analipa sehemu ya mchango, analipa kwa miaka mingapi, na siku akiacha mchango utakuwa kiasi gani?

5. Fedha iliyokatwa inakaa wapi kati ya siku ya kukatwa na siku ya kuwasilishwa, na risiti ya nani inathibitisha?

6. Mwanachama ambaye kahawa yake imekauka kwa ukame au kuliwa na chulebuni atafanyaje ili asitoke katika mpango mwaka ule?

7. Malalamiko yanapelekwa kwa nani, na yanajibiwa katika siku ngapi?

Swali la sita lisirukwe. Mwaka mbaya wa mavuno ndio mwaka ambao mkulima hawezi kabisa kulipia hospitali. Mpango unaomtoa mwaka huo utakuwa umemwacha wakati wa haja. Chama chaweza kutenga sehemu ndogo ya ziada ya mwaka mwema kwa ajili ya kaya hizo, kwa azimio la mkutano mkuu na kwa hesabu iliyo wazi.

Mababu zetu walianzisha ushirika wa kahawa katika mlima huu mwaka 1925 kwa sababu mkulima mmoja hakuweza kupatana bei na mnunuzi. Mbele ya dirisha la hospitali, mgonjwa mmoja hana nguvu ya kupatana bei, wala ya kudai dawa, wala ya kukagua ankara. Kaya 400 zinayo nguvu hiyo, mradi ziingie pamoja, zihesabu fedha yao, na zimwulize aliye dhaifu kuliko wote kama naye ametibiwa.